Siku Uliyoniambia Ninyamaze

Mwanangu Idrisa,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Muda si mrefu umetoka hapa umevaa shati la baba yako, umekwenda kuaga nyumba kwa nyumba hapa Mandewa, na umeniachia begi lako wazi katikati ya sebule. Wala sisemi kwamba dhumuni la barua hii ni kukujulisha jambo, kwa sababu humu hamna jambo usilolijua. Naandika kwa sababu kesho unarudi Mwanza kufanya tena mtihani ulioufeli, na maneno haya nikibaki nayo mdomoni nitayasema stendi, mbele ya mawakala na wauza mayai. Wewe utanijibu, mimi nitakujibu, na basi litaondoka hatujafika popote. Unanijua.

Habari za sweta, za chandarua, za kutoweka simu mfuko wa nyuma, baba yako ameshazimaliza kwa njia yake: ameviweka vitu vyote begini bila kusema neno. Mimi naingia moja kwa moja kwenye linaloniuma.

Ulipofeli lile somo la magonjwa ya watu wazima, ndugu walijaza kundi la familia kwa pole kana kwamba tuna msiba. Mmoja akaandika kwamba mtihani si kipimo cha akili. Mwingine akasema usijali, riziki ziko nyingi, mtoto wake mwenyewe aliacha chuo na sasa ana bodaboda mbili. Mimi sikuandika kitu, na waliniona nina kiburi. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale yalikuwa yananitia hasira. Mtu anakufariji ili uache kujaribu, halafu anataka umshukuru. Wewe usiyaweke moyoni. Nyinyi wanafunzi mna majina mepesi ya kuita mambo mazito: mtihani wa marudio mnauita sapu, na mtu akifeli sapu mnasema amedisko, utadhani alikuwa kwenye muziki. Mimi naita jambo kwa jina lake. Ukifeli safari hii, wanakufukuza chuo, na muuguzi uliyetaka kuwa tangu ulipokuwa darasa la sita hatakuwepo. Kwa hiyo sitakwambia kwamba ukishindwa si mwisho wa dunia. Iko siku ya kusema hayo, na siku hiyo si leo.

Sasa nikuambie jinsi mimi nilivyoupokea ule mtihani wako, maana hukuwahi kujua yote.

Ulirudi nyumbani, ukakaa pale kwenye kochi la karibu na mlango, ukanisimulia. Swali lilihusu mama wa makamo mwenye kisukari aliyeletwa wodini. Jasho linamtoka, anatetemeka, maneno yake hayaeleweki. Waliuliza utafanya nini kwanza, na kwa nini. Ukaniambia ulivyojibu. Ulianza kwa kusema swali lina upungufu, maana halikueleza mama yule alikula saa ngapi. Ukaingia kwenye bei ya mboga na bei ya mkate. Ukaandika kwa nini mtu wa kijijini anaambiwa ana kisukari bila kupewa kifaa cha kujipima. Ulijaza kurasa mbili, na kwenye kurasa mbili zile yule mama hakupewa hata kijiko cha sukari. Mwalimu wako akakuita ofisini, akakuambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia kana kwamba nilikuwepo:

"Idrisa, umeandika vizuri kuliko darasa zima. Mgonjwa amekufa ukurasa wa kwanza."

Unakumbuka nilichokuuliza mimi? Nilikuuliza kama hoja zako alizijibu.

Na nilikuwa nacheka, mwanangu. Nilikuwa naona fahari. Usiku ule ule nilikwisha kuipanga kichwani makala ya kumchapa huyo mwalimu gazetini, yeye na chuo chake, kwa kumfelisha kijana anayefikiri na kuwapitisha wanaokariri. Kichwa cha habari nilikuwa nacho. Unajua sina kazi ngumu ya kupata kichwa cha habari. Miaka yote hii nauza vitambaa mchana na kuandika jioni, nimegombana na madiwani, na walimu wakuu, na maimamu wawili, na mtu mmoja wa redioni aliyesema wanawake wa Singida hatusomi. Nilimjibu nikiwa na kitabu mkononi, akakata simu. Sijutii hata ugomvi mmoja kati ya yote hayo. Lakini upo mmoja ambao sikupaswa kushinda, nao ni wa alama nusu.

Ulikuwa darasa la nne. Mtihani wa hesabu uliuliza: Juma ana mayai kadhaa, ameuza mengine, yamebaki mangapi. Wewe ukaandika kwamba haiwezekani kujua, kwa sababu mayai huvunjika njiani. Mwalimu akakupa sifuri. Mimi nikafunga duka nikaenda shuleni. Nilimwambia yule mwalimu, mbele ya wenzake, kwamba mtoto wangu ameona zaidi ya mtunga swali. Maskini yule alikuwa kijana, hana hata ndevu, akachoka, akakupa nusu alama. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono kama tumetoka vitani. Nikamchinja kuku.

Na kwenye kuku ndiko nilikoharibu zaidi. Watu wa nyumba nyingine hapa mjini, paja ni la baba, au la mgeni, au la mtoto mdogo. Kwetu sisi nilitunga sheria yangu: paja ni la aliyeshinda hoja. Sinia likiwekwa chini, natoa swali, kila mtu anajenga upande wake, na mshindi anakula paja. Nilitaka kulea watu wasiomeza kila wanachoambiwa. Nilifanikiwa kupita kiasi. Kwa miaka yote ya utoto wako, kila ulipoulizwa swali, mkono wako ulikuwa tayari unakwenda kwenye paja. Ulijifunza kwamba swali ni mpinzani wako, na kwamba kazi ya kwanza ni kulibwaga chini. Haikukujia akilini kwamba ndani ya swali kunaweza kuwa na mtu amelala anakusubiri. Sikukufundisha hilo, kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua. Na baba yako, ambaye hajawahi kubishana na mtu tangu nimfahamu, amekula shingo miaka yote hiyo bila kulalamika, na mimi nikidhani anapenda shingo.

Hayo yote niliyaona baadaye. Wakati ule nilikuwa bado na makala yangu kichwani.

Halafu ukaanza kujisomea. Sikuweza kukuacha peke yako, ndivyo nilivyo. Nikachukua lile libuku lako zito nikaenda nalo dukani, nikawa nalisoma nyuma ya kaunta. Mteja anaulizia khanga, mimi niko kwenye figo. Nilikisoma kitabu kile chote, na jioni baada ya futari tulikuwa tunatandika mkeka sebuleni, mimi nakuwa mgonjwa. Nilikuwa mgonjwa mbaya. Nikiwa na pumu nakwambia dirisha lifungwe. Nikiwa na moyo uliochoka, miguu imevimba, nakulazimisha unilaze chali ili nione kama utakubali, na wewe unakumbuka kunikalisha wima na mito mgongoni ili nipumue. Siku niliyokuwa na kiharusi niliupinda mdomo nikaomba chai. Ukanipa chai. Nikakaa nikakuambia, "Umeniua wewe. Hujanipima kama naweza kumeza, chai imekwenda kwenye mapafu." Ukaanza kunieleza kwamba kwa jinsi nilivyoomba chai kwa sauti kubwa, koo langu lilikuwa zima. Tukabishana juu ya koo langu mpaka baba yako akazima taa akaenda kulala.

Tulifurahi, sikatai. Lakini nilikuwa nakuangalia, na nilikuwa naanza kupata wasiwasi. Kila mgonjwa niliyekuletea ulimjua. Dalili zake ulizijua, dawa zake ulizijua, madhara ya dawa pia. Ila kila mara ulianza kwa kusema na mimi, na ukachelewa kuniangalia.

Kisha ikaja ile alasiri ya mwezi huo huo wa Ramadhani. Wewe ulikuwepo, na mimi nilikuwepo, lakini hatukuwa mahali pamoja. Nataka leo nikusimulie mahali nilipokuwa mimi.

Nilikuwa barazani namenya viazi vya futari. Kaka yangu, mjomba wako Hamisi, akaja kutoka dukani kwake, kule anakouza vipuri vya pikipiki, akaketi kwenye kigoda. Unajua kaka yangu alivyo. Ana kisukari miaka mingi, anameza vidonge vyake, na kila mwaka kliniki humwambia kabla ya Ramadhani aende wakamwangalie kama afunge, na kama atafunga wampangie dawa upya. Mwaka huu hakwenda, kwa sababu muuguzi wa zamu ni kijana wa kiume wa umri wako, na kaka yangu hataki kuelekezwa na mtoto. Basi alikula daku kidogo, akameza dozi yake nzima, akafunga.

Wewe ukatoka msikitini, kitabu kwapani. Ukamwamkia. "Shikamoo Mjomba." Hakuitika. Mimi sikuliona hilo. Nilikuwa nasubiri aanze, maana nilijua amekuja kuanza, na kweli akaanza. Akaniambia:

"Zaina, umemsomesha mtoto wa kiume aje kutawaza wazee?"

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Hoja ile nilikuwa naisubiri tangu ulipojiunga na chuo. Nikamuuliza yeye akizeeka atatawazwa na nani, na pikipiki? Akasema uuguzi ni kazi ya wanawake. Nikamwambia aende hospitali akavunjike mguu, aone kama atachagua mtu wa kumnyanyua. Akapiga kigoda ngumi. Akasema kitu juu ya soko ambacho hakikuhusiana. Nikakirukia. Akapandisha sauti, maneno yakawa yanagongana, halafu akahama kabisa akaingia kwenye Kinyaturu, lugha ya bibi yetu, akawa anauliza mbuzi wamefungwa wapi. Tangu bibi afe hatuna mbuzi. Mimi nikaona ananikejeli. Nilikuwa nimezoea: akiishiwa hoja, hukimbilia Kinyaturu ili anichekeshe. Nikaona nimemshinda. Nilikuwa nimenyoosha kisu cha viazi kuelekea kwake, naongeza sauti ili majirani wasikie namna anavyoshindwa.

Nilikuwa namshinda mtu anayezama, Idrisa. Hapo ndipo nilipokuwa.

Katika nyumba nyingine yoyote ya mji huu, mtu akija analoa jasho, anagombana bila sababu, anauliza mbuzi wasiokuwepo, watu wangeshtuka. Kwetu hasira ni hali ya hewa. Hakuna aliyeishangaa. Ni nyumba yetu tu ambayo mtu angeweza kufa kwa kushuka sukari akiwa anapigiwa makofi kwa ubishi mzuri.

Wewe uliweka kitabu chini. Ulikwenda nyuma yake ukapitisha kiganja shingoni mwake, ukakitazama kiganja kilivyolowa. Kisha ukanigeukia, na kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwako, ukasema:

"Mama, nyamaza."

Nataka ujue hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo akabaki salama. Baba yangu hakuniambia. Diwani alijaribu, ikawa makala tatu. Wewe uliponiambia, nikanyamaza. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu hukuwa unashindana na mimi. Ulikuwa hata hunioni.

Ulimuuliza mjomba wako kama alikula daku, akausukuma mkono wako. Ulimuuliza jina lake, akalitafuta. Baba yako, ambaye nilidhani amelala, akasema kutoka ndani kwamba asali iko juu ya kabati, na alipomaliza kusema alikuwa ameshaishika, lile dumu dogo alilopewa na rafiki yake wa kijijini Kinyangiri. Ukaikoroga kwenye maji. Ulimkalisha wima, ukampa funda dogo kwanza, ukatazama koo lake kama limemeza. Nilikuona ukilitazama. Nikaikumbuka ile chai yangu.

Akasema, "Nimefunga mimi."

Ukamwambia, "Mjomba, mgonjwa ameruhusiwa. Kunywa."

Hukumpa aya na hukumpa hadithi, wala hukueleza sukari ni nini. Na aya unazijua, mimi mwenyewe nilikuhifadhisha. Alikunywa. Ukasubiri huku umemshika mkono, ukampa tena. Mimi nilikuwa nimesimama na kisu changu cha viazi sina pa kukiweka. Polepole mikono yake ikaacha kutetemeka. Akaangaza macho barazani kama mtu aliyeshuka kwenye basi mahali asipopajua. Akaniona mimi, akamwona baba yako, akakuona wewe umechuchumaa mbele yake. Akasema:

"Marahaba, mjomba. Hujambo?"

Salamu yako ilikuwa imemsubiri muda wote huo. Nilikwenda jikoni nikalia kwenye khanga, na baba yako akaja akachukua kisu mkononi mwangu.

Usiku ule nilikuuliza ulijuaje. Nilitarajia uniambie jasho, au kutetemeka, mambo ya kitabuni. Ukaniambia ulianza kumwangalia pale pale alipoacha kuitika. Mjomba Hamisi ni mtu anayeweza kukuchukia mwaka mzima na bado akaitika shikamoo yako, kwa sababu salamu ni salamu. Alipoiacha ikaanguka, ukajua huyu siye yeye. Hilo hulikuti kwenye libuku lako. Waliotunga libuku hawamjui Hamisi. Lakini bila libuku usingejua la kufanya baada ya hapo, wala usingejua kwamba kidonge alichomeza bado kitaendelea kumshusha hata baada ya asali. Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Wewe ulimlisha, ukaita bajaji, ukampeleka hospitali akapimwe na kukaa chini ya uangalizi, huku yeye akilalamika njia nzima kwamba bajaji inaruka matuta.

Usidhani kaka yangu amebadilika. Siku ya Idd alikula pilau hapa, akasema siku ile hata mke wake angempa uji angeinuka, na kwamba uuguzi bado ni kazi ya wanawake, ila wewe una mkono mzuri. Nikafungua mdomo. Ukaniangalia. Nikaufunga. Lakini nasikia amekwenda kliniki, na yule kijana wa zamu alimweka kwenye benchi akamwelekeza kama anavyomwelekeza mtu mwingine, na Mjomba alikaa akasikiliza. Wapo watu wengi hapa mjini wanaodharau mkono unaowapima presha, wakitaka kusikia kutoka kwa daktari kitu kile kile walichoambiwa na muuguzi. Dharau hiyo inaua, na nitaiandika. Makala ile ya kumchapa mwalimu wako sikuituma. Hii nitaituma.

Sasa sikiliza, maana nasikia adhana ya magharibi na wewe utarudi muda wowote.

Mwalimu wako alikuwa sahihi, na mimi nilikosea. Nimeandika sentensi hiyo taratibu ili nisiifute. Hakukuambia huna akili. Alikuambia mgonjwa amekufa, na alikuwa amekufa kweli, kwa sababu wewe na mimi tulikuwa tunagombea paja juu ya kitanda chake. Aliyekosea si wewe peke yako. Mkono ulioandika zile kurasa mbili nimeulea mimi.

Lakini usije ukaniletea unyonge. Naona siku hizi unasoma umeinamisha kichwa, unajibu maswali yangu kwa neno moja, kama mtu aliyeamua kwamba dawa ya ubishi ni kuwa mjinga. Hapana. Sikuzaa mtu wa kunyamaza milele. Yule mama wa kwenye swali, ukishampa sukari, ukishamuuliza jina lake akalitaja, ukishamlisha na kuhakikisha haanguki tena, hapo geuka uulize kwa nini hakuwa na kifaa cha kujipima. Uliza kwa sauti. Uliza kwenye vikao, uliza mpaka wakuchoke. Bei ya mboga ipo na itakuwepo, mimi nitakusaidia kuipigia kelele. Ila kwanza kikombe. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya alasiri yako na alasiri yangu pale barazani: sote wawili tulikuwa na la kusema, na wewe ukaliweka chini pamoja na kitabu.

Na uoga nauona, usinifiche. Juzi nilikukuta umelala na kitabu kifuani, unayataja majina ya dawa usingizini. Unaogopa kwamba ukikaa kwenye kile chumba, karatasi ikigeuzwa, mkono utakwenda tena kwenye paja. Huenda ukaenda. Mazoea ya miaka yote hiyo hayafi kwa mwezi mmoja. Ukihisi unaanza kulikosoa swali, ukiona kalamu imeanza kuandika "hata hivyo", simama. Mweke Mjomba Hamisi ndani ya lile swali. Waandike watakavyoandika: mzee mwenye presha ambaye upande mmoja wa uso umelegea, kijana mwenye pumu asiyeweza kumaliza sentensi, mama mwenye moyo uliojaa maji. Mpe kila mmoja sura ya mjomba wako kwenye kigoda chetu. Kisha uniambie mimi kile ulichoniambia siku ile. Niambie kwa sauti ndogo ile ile. Nitakuwa humo kichwani mwako, najua, nimejiweka mwenyewe, na nitakuwa nimenyoosha kisu cha viazi, nataka tushinde. Niambie ninyamaze. Nitanyamaza. Halafu andika utakachofanya kwanza.

Utafaulu. Sikuambii hivyo kwa sababu mimi ni mama yako. Wote walioshindwa, mama zao waliwaambia hivyo. Nakuambia kwa sababu nilikuona ukimfanya mtu mmoja arudi, bila karatasi, bila mwalimu, bila muda wa kufikiri, na mimi nikikupigia kelele sikioni. Karatasi haipigi kelele.

Jikoni kuna kuku. Nimemchinja adhuhuri. Leo hakuna swali, na hakuna upande wa kutetea. Paja moja ni lako. La pili nimemwekea baba yako, na nilipomwambia aliuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia hapana, kula tu. Kumbe hapendi shingo. Hajawahi kuipenda.

Kesho nitakusindikiza stendi. Utaniona kimya, na watu wanaonijua watakuuliza kama naumwa. Usihangaike. Sitakuwa nimekasirika wala sitakuwa nalia. Nitakuwa nakutii, na kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kubeba begi lako. Wewe niamkie tu kabla hujapanda. Nitakuitikia, na hilo ndilo neno pekee utakalolipata kwangu. Ukishalisikia, ujue mama yako yuko sawa, panda basi, nenda ukamfufue yule mama uliyemuua ukurasa wa kwanza.

Mama yako,
Zaina